Ukurasa wa Kumi na Tisa

Ripoti yangu ya kwanza katika hospitali ile ilikuwa na kurasa arobaini na moja, na niliipenda kama mtu anavyoipenda nguo ya kwanza aliyojishonea mwenyewe. Niliichapisha kwenye karatasi nzito, nikaitia jalada la bluu, nikaibeba kifuani kutoka chumba cha seva hadi ofisi ya daktari mkuu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba. Nilikuwa nimefaulu mitihani mitatu ya usalama wa mitandao, na nilikuwa mtu wa kwanza kuajiriwa pale kwa kazi hiyo peke yake: kuhakikisha wezi wa mitandaoni hawaingii kwenye kompyuta zetu.

Hospitali yenyewe ni ndogo, ya kanisa, haiko mbali na Mwingi, na jina lake nitaliacha. Mimi ni mtu wa Tawa, upande wa Makueni, na wenzangu wa Mwingi walinicheka kwa jinsi ninavyotamka Kikamba. Niliwaacha wacheke. Nilikuwa na haraka ya kuonekana. Sijawahi kuwa mtu wa kutulia. Hata nikila, mguu mmoja huwa unacheza chini ya meza.

Jambo kubwa katika ripoti ile lilikuwa ukurasa wa kumi na tisa, ndani ya jedwali. Mafundi waliotuwekea mashine za maabara walikuwa wameacha njia ya kuingilia kutoka mbali, ili mashine ikiharibika wairekebishe bila kusafiri. Njia hiyo ilifunguliwa kwa neno la siri ambalo mtoto angelikisia: jina la hospitali na mwaka. Mtu yeyote duniani mwenye subira kidogo angeingia. Kuifunga kungenichukua nusu saa, lakini mashine zilikuwa chini ya mkataba na sikuwa na ruhusa ya kuzigusa. Daktari mkuu ndiye aliyepaswa kusema sawa.

Sasa, niliandikaje jambo hilo? Niliandika kwa Kiingereza, maana karatasi za ofisi kwetu ni za Kiingereza, lakini hakikuwa Kiingereza cha kumwambia mtu kitu. Kilikuwa kile cha vitabu vya mitihani. Nikikigeuza Kiswahili kinasema hivi: "Uwepo wa huduma ya ufikiaji wa mbali isiyo na udhibiti toshelevu wa uthibitishaji unapanua eneo la mashambulizi, na unapendekezwa kufanyiwa mapitio." Hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Hakuna aliyefanya kosa, hakuna wa kulirekebisha, hakuna siku. Niliisoma mara tatu kabla ya kuichapisha na kila mara nikaona iko sawa.

Ukweli ni kwamba niliogopa. Daktari mkuu alikuwa mtu wa makamo aliyesomea ng'ambo, mpole lakini wa maneno machache, na mimi niliona sentensi fupi ni kama kwenda kanisani bila viatu. Nilitaka ajue kwamba nimesoma.

Wiki mbili baadaye niliingia ofisini kwake kwa shughuli nyingine, nikaiona ripoti juu ya kabati, boksi la glavu limekaa juu yake. Alifuata macho yangu, akasema ameipitia, kazi nzuri. Nilitoka nimefurahi. Sikumuuliza amefika ukurasa gani.

*

Jumanne moja, kabla ya saa mbili asubuhi, msichana wa mapokezi alinipigia simu akasema kompyuta zote zinaonyesha maandishi mekundu na hazisikii kitu. Nilikimbia kutoka chumba changu cha kupanga, kamba za kiatu kimoja zikiburuta vumbi. Niliisoma skrini ya kwanza nikaelewa. Mafaili yetu yalikuwa yamefungwa, na waliofunga walitaka walipwe ndipo wayafungue.

Hospitali haikulipa. Hilo daktari mkuu aliliamua kwa neno moja. Kilichobaki kilikuwa nakala zetu za akiba, na hapo nilipata kipigo cha pili: nakala ya kila siku ilikuwa imeunganishwa na seva, ile kompyuta kuu iliyovamiwa, nayo imefungwa pamoja na vingine. Nilikuwa na diski moja tu salama kwenye droo yangu, ya miezi minne nyuma. Miezi minne ya kliniki ya akina mama, ya majibu ya maabara, ya wagonjwa wa sukari na presha, ilikuwa imepotea.

Wauguzi walitoa madaftari ya shule na kalamu wakaanza upya. Aliyewapanga alikuwa metroni, yaani mkuu wa wauguzi, mama mwembamba aliyekaribia kustaafu, mwenye saa iliyobanwa kifuani na sauti isiyopanda hata kidogo. Alizunguka wodi zote akiuliza kila mgonjwa jina lake na dawa zake, akaandika. Mimi nilizunguka pia, lakini bila kazi: kutoka seva hadi mapokezi, mapokezi hadi maabara, nikichomoa nyaya na kuzirudisha.

Saa nane mchana tuliitwa kwenye ukumbi mdogo. Daktari mkuu aliniuliza mbele ya watu kama nilijua waliingilia wapi. Nikasema kwenye mashine za maabara, kwa ile njia ya mafundi.

"Ulijua iko wazi?"

"Nilijua, Daktari."

"Mbona hukuniambia?"

Nilikuwa nimelingoja swali hilo tangu asubuhi, na naona haya kusema kwamba nililingoja kwa hamu. "Nilikuambia. Ukurasa wa kumi na tisa."

Ripoti ililetwa. Aliifungua palepale akasoma ile sentensi kwa sauti. Mfamasia alitazama dari. Akaisoma tena, polepole zaidi, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya majani.

"Hapa uliniambia nini?"

Nilianza kueleza, na maneno yaliyonitoka yalikuwa yale yale yaliyoandikwa. Nikasikia mwenyewe.

Aliifunga ripoti. "Mimi nilifika ukurasa wa sita, na hilo ni kosa langu," alisema. "Lakini hata ningefika huku nisingejua. Kama ungeniambia mlango uko wazi, ningeufunga."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika, mimi pia ningekasirika, na mambo yangeishia hapo. Badala yake nilikwenda na maneno hayo kila mahali. Nilijikuta nikiosha kikombe kimoja mara tatu. Nilikwenda dukani nikasahau nilichofuata. Moyoni nilijitetea siku nzima, nikimwambia daktari, nikimwambia mfamasia, nikiwaambia wale walionisahihishia mitihani, kwamba mimi nilisema. Kisha nikajiuliza: nilisema?

*

Alhamisi daktari mkuu aliniagiza niandike tangazo la kusomwa makanisani Jumapili na kwenye redio ya Kikamba. Watu walihitaji kujua kwamba rekodi zimepotea, waje na vijitabu vyao, na baadhi watapimwa tena. Safari hii nikajiambia nitakuwa mfupi. Niliandika kwa Kiswahili:

"Hospitali inawatangazia kwamba imeshambuliwa na virusi hatari. Kumbukumbu za wagonjwa zimeathirika. Wote waliohudumiwa katika miezi minne iliyopita wanaombwa kufika na vijitabu vyao ili wafanyiwe uchunguzi upya."

Sentensi tatu. Niliona nimejifunza. Metroni hakuwepo, alikuwa ameenda Migwani kumzika shangazi yake. Daktari mkuu alilipitia akiwa amesimama, anaitwa chumba cha upasuaji, akatia sahihi.

Wewe unayelisoma ukiwa umetulia umeshaona. Mimi sikuona. Katika kazi yetu virusi ni programu mbovu, na nilikuwa nimelitumia neno hilo kwa miaka sita bila kufikiria kwamba lina maana nyingine. Mtangazaji wa redio alifanya kazi yake kwa uaminifu: alitafuta neno la Kikamba akaweka uwau, ugonjwa. Wachungaji nao walisoma kama lilivyoandikwa, na nasikia mmoja aliomba maombi marefu dhidi ya tauni.

Jumatatu nilikuta mabenchi ya nje matupu. Mama wa chai, anayekaa langoni kila siku na sufuria yake ya mandazi, alikuwa amehamisha meza ng'ambo ya barabara na kuvaa barakoa ya enzi za korona, imefifia rangi. Alinipa kikombe kwa kunyoosha mkono wote, kama anayemlisha mbwa asiyemjua. Nilimuuliza kuna nini.

"Mmesema wenyewe redioni," alinijibu. "Waliotibiwa miezi minne warudi wapimwe. Sasa nani atarudi?"

Nilisimama na kile kikombe mpaka kikapoa. Niliingia ndani nikaenda kwa daktari mkuu kumweleza, akashika kichwa. Alipiga simu redioni. Wakasema watarekebisha tukiwapelekea maandishi mengine. Nikaketi kuandika mengine na sikuweza. Kila neno nililolishika niliona lina mlango wa nyuma. Mfumo ni nini? Data ni nini? Siku ikaisha, ya pili ikaisha, na mbele yangu kulikuwa na karatasi iliyokatwakatwa mistari.

Metroni alirudi Jumatano. Alisoma tangazo lililobandikwa mlangoni, akalibandua, akalikunja akaliweka mfukoni. Jumatano ndiyo kliniki ya wajawazito, na kwa kawaida benchi halitoshi. Siku hiyo walikuja watatu. Metroni aliwahudumia, kisha akakaa amefumba macho, akitaja majina kimyakimya huku akihesabu vidole. Alipofumbua aliniambia kuna mama mmoja wa njia ya Nuu, mimba ya miezi minane, presha yake ilikuwa imeanza kupanda mara ya mwisho. Hakupaswa kukosa leo.

Nikauliza kama tuna namba yake ya simu. Namba ilikuwa ndani ya kompyuta.

"Kijiji chao nakijua," alisema. "Twende na wewe."

*

Kwenye gari la hospitali aliniomba nimweleze tangazo lilitaka kusema nini, maana lilipoandikwa hakuwepo. Nilieleza. Nilieleza tukivuka mto wa kwanza wa mchanga, nikaeleza tukivuka wa pili. Aliposikia nimemaliza alisema, "Sijaelewa, na mimi niko hapa na wewe, naweza kukuuliza. Yule aliyesikia redioni akichambua ndengu ataelewaje?"

Tulipofika, mama mkwe wa yule mjamzito alitoka nje mbio akatuzuia kwenye ua wa miiba. Alikuwa mzee lakini imara, leso imefungwa kiunoni. Alinyoosha viganja vyote viwili. Tulizungumza Kikamba.

"Simameni hapo hapo. Ugonjwa wenu mbaki nao."

Metroni aligeuka akanitazama mimi. Nilielewa kwamba hili ni langu.

"Mama, hakuna ugonjwa," nilianza. "Ile ilikuwa virusi ya kompyuta, iliingia kwenye mfumo..."

"Iliingia wapi?"

Nyuma yake mlangoni niliona mwanamke kijana amekaa chini, ameegemea ukuta, mkono mmoja umefunika macho kana kwamba mwanga unamuumiza. Miguu yake ilikuwa imevimba hadi viatu vya plastiki vimeacha alama. Kitu fulani ndani yangu kikaacha kutafuta maneno ya kupendeza.

"Wezi," nikasema. "Wezi waliingia hospitali. Hawakubeba vitanda wala dawa. Walifunga vitabu ambamo tunaandika wagonjwa, wakaenda na ufunguo. Hatuwezi kusoma tuliyoandika. Hakuna mtu mgonjwa kwa sababu hiyo. Tunataka mje ili tuandike upya."

Alishusha viganja. "Wezi?"

"Ndiyo. Wezi."

"Basi mngesema wezi," akasema, na kuusogeza mti wa miiba uliofunga lango.

Metroni alikuwa ameshampita. Alimfunga yule mama kijana mkanda wa kupimia presha, akatazama, akafungua tena na kupima mkono wa pili. Kisha akaniambia kwa sauti ile ile isiyopanda nimshike upande wa kushoto, tunaondoka sasa. Mama mkwe alipanda nyuma na sisi.

Kwenye mto wa mchanga, ule wa kwanza kurudi, yule mama alishikwa na degedege. Sijawahi kuona mwili wa mtu ukifanya vile. Dereva alisimama. Metroni alimlaza kwa ubavu, akaniambia nishike kichwa kisigonge chuma, akatoa sindano kwenye mkoba wake na kumchoma. Kichwa chake kilikuwa kizito mikononi mwangu, na nywele zilikuwa zimesukwa upya, mistari myembamba, nadhifu, labda kwa ajili ya siku ya kujifungua. Sikuweza kuacha kuitazama ile mistari. Metroni alihesabu kwa saa yake ya kifuani. Mama mkwe aliomba kwa sauti ya chini, bila kukoma, hadi mtikisiko ukaisha.

Alipasuliwa jioni ile ile. Mtoto alikuwa msichana, mdogo sana, analia kama paka. Mama alikaa wodini siku kumi na moja, na wote wawili walitoka kwa miguu, yaani mama kwa miguu na mtoto mgongoni kwa nyanya yake.

*

Lakini hizo siku kumi na moja sikuweza kuzingoja. Asubuhi iliyofuata niliandika barua ya kuacha kazi. Ilisema: "Naacha kazi mwisho wa mwezi huu. Nilitoa onyo ambalo hakuna aliyeweza kulielewa, kisha nikatoa tangazo lililowafukuza wagonjwa. Ijumaa ya mwisho saa nne nitamkabidhi msimamizi wa ofisi funguo za chumba cha seva." Daktari mkuu alikuwa kwenye upasuaji, kwa hiyo niliipeleka kwa metroni ampe.

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni mwa wodi.

"Hii umeandika wewe?"

"Ndiyo, Metroni."

"Nani amekusaidia?"

"Hakuna."

"Basi kuandika unajua," alisema. "Ukitaka kukimbia unaandika vizuri kabisa."

Sikujua kama nicheke. Alinivuta kwa kiwiko hadi meza ya wauguzi, akafungua daftari kubwa lenye kona zilizokunjamana, lile ambalo anayetoka zamu humwandikia anayeingia. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja. Mstari ulikuwa wa yule mama wa Nuu: amerudi kutoka upasuaji, presha bado iko juu, ipimwe kila nusu saa, akisema kichwa kinauma au macho yanaona giza, mwite daktari, usingoje.

"Umeelewa?"

Nilikuwa nimeelewa, na mimi si muuguzi.

"Anayeingia zamu hana haja ya kujua mimi nimesoma," alisema metroni. "Anataka kujua mgonjwa yuko vipi na yeye afanye nini. Nikimficha ndani ya maneno, mtu anakufa. Wewe pia una zamu. Unajua kitu, unamwachia mwingine. Mwachie kwa njia ataiweza." Kisha akanirudishia barua yangu, akasema anataka tangazo jipya kabla ya chakula cha mchana, na akaenda kubadilisha dripu.

Nililiandika mara nne. La kwanza nilimsomea mpishi, akauliza rekodi ni za muziki ama za nini. La pili nilimpelekea mama wa chai ng'ambo ya barabara. Alisikiliza hadi mwisho, akafikiri, akauliza, "Kwa hiyo nitoe barakoa ama nisitoe?" Nikarudi kuandika. La tatu likawa na mstari wa kwanza uliosema wazi: hakuna ugonjwa wowote uliozuka hospitalini. Mama wa chai aliposikia hilo alivua barakoa kabla sijamaliza kusoma, na meza yake ilirudi langoni siku ile.

Sentensi iliyonisumbua kuliko zote ilikuja na mtu. Mzee mmoja mwenye kofia ya sufu alinisubiri nje ya chumba cha seva. Aliuliza, polepole, kama wale wezi sasa wanajua dawa anazokunywa. Nilitaka sana kusema hapana. Ningeweza kumpa maneno ya kitaalamu yanayofanana na hapana.

"Sijui," nilimwambia. "Bado tunatafuta."

Aliitikia kwa kichwa, akanishukuru, akaondoka. Nasikia siku hizi anachukua dawa Kitui mjini. Hakurudi kwetu tena.

Kwa ajili yake niliandika la nne, nikaongeza: "Bado hatujui kama wezi hao walisoma habari za wagonjwa. Tukijua, tutawaambia." Daktari mkuu alitaka iondolewe, alisema itawatisha watu ambao ndio kwanza tunawarudisha. Nilimwambia waliotishwa na uongo wetu wa bahati mbaya hawatatusamehe wa makusudi. Mwishowe akaiacha, tangazo likasomwa. Watu walirudi kidogo kidogo. Wengine walirudi wamekasirika, na nilikaa mapokezi wiki mbili nikisikiliza hasira hizo, maana ndizo zilizonifundisha ni maneno gani hayajaeleweka bado.

*

Barua ya kuacha kazi ilibaki kwenye mkoba. Mwisho wa mwezi nilikwenda nyumbani Tawa nikiwa bado sijaamua. Mama alikuwa amekaa kibarazani anapura kunde kwa kijiti ndani ya gunia. Nilijaribu kumsaidia, nikaamka, nikakaa, nikaenda kuangalia tangi la maji lisilo na shida, nikarudi.

"Kaa chini," alisema. "Unanizungusha kichwa. Hiyo kazi yako inakufanyaje?"

Niligundua kwamba kwa miaka yote sijawahi kumwambia kazi yangu ni nini. Nilikuwa nikimwambia ni ya kompyuta, naye alikuwa akiwaambia wenzake kanisani ni ya kompyuta. Siku hiyo nilimweleza yote kwa Kikamba, na kwa kuwa Kikamba changu hakina maneno ya mitihani, nililazimika kusema kila kitu kama kilivyo: mlango, ufunguo, mwizi, kitabu, mtu aliyepaswa kuonywa. Alisikiliza bila kuacha kupura. Nikamsomea ile sentensi ya jedwali, nikiifasiri kadiri nilivyoweza.

"Hiyo haina uvoo," alisema.

Uvoo ni habari. Ndilo neno tunaloulizana tukikutana njiani, na ndilo lililo kwenye jina la Kikamba la Injili, yaani Habari Njema. Alisema ni kama mtu aje kwako mbio kutoka mbali, umpe kiti, umpe maji, umngojee, kisha aondoke hajasema nani amekufa.

Nilicheka, halafu machozi yakanitoka, na yeye akajifanya anatafuta kunde zilizoruka.

Niliporudi Mwingi niliandika ripoti upya. Sitaki kusema ilikuwa rahisi. Ilikuwa kazi ngumu kuliko mitihani yote mitatu. Kurasa arobaini na moja zilikuwa zimenificha. Ukurasa mmoja na nusu uliniacha wazi. Nilipoandika "sijui" niliona aibu, nilipoandika "kosa hili ni langu" kuhusu ile nakala iliyounganishwa na seva, niliamka nikatembea hadi langoni na kurudi. Vichwa vya habari nilivigeuza vikawa maombi: funga hiki, nunua kile, mfundishe fulani. Majedwali niliyaweka nyuma, kwa atakayeyataka. Metroni aliisoma kwa kalamu mkononi akakata maneno mawili tu, akasema la kwanza halina kazi na la pili linajisifu.

Bado situlii nikituma maandishi. Nikishabonyeza, naenda dirishani, narudi, nasoma tena nilichotuma, naona neno ambalo mtu fulani mahali fulani atalielewa vibaya. Nimeacha kuamini kwamba hali hiyo itaisha. Vijana wanaonifuata katika kazi hii huniletea ripoti zao siku hizi, nzito, zenye majalada, na ninawauliza nani atazisoma akiwa amesimama. Wengine wanaudhika. Ninawaelewa.

Ile ripoti ya ukurasa mmoja na nusu nilimpa daktari mkuu kwenye korido, anatoka wodini. Nilidhani ataikunja aende nayo ofisini. Aliisoma palepale anatembea, halafu akapunguza mwendo, halafu akasimama kabisa, wauguzi wakimpita kushoto na kulia. Aligeuza upande wa pili. Akarudi wa kwanza.

"Hii ya kwanza nimekubali, ile njia ya mafundi tuliyoichomoa isirudishwe tena," alisema. "Ya pili nimekubali. Hii ya tatu, neno la siri la mapokezi kubadilishwa. Nani atabadilisha?"

Nilitazama. Nilikuwa nimeandika "libadilishwe," kisha nukta.

"Mimi, Daktari," nikasema.

"Lini?"

"Sasa hivi."

Alinipa kalamu yake. Niliandika hayo ukutani, karatasi nimeikandamiza juu ya rangi ya kijani, nikamrudishia, nikashuka mapokezi. Msichana wa pale alikuwa amebandika neno la siri kwenye skrini kwa plasta ya hospitali. Nilipoanza kuibandua aliniuliza kisa ni nini, maana yeye amelizoea. Nikavuta kiti, nikakaa, nikaanza kumweleza.